Kanisa kuu la wachimba makaa: kwa nini la Pendlebury halina mnara na la Worsley linao

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni muuguzi, mwenyeji wa Nairobi, na kwa sasa naishi Salford, Uingereza. Basi langu la kwenda kazini hupita Bolton Road, Pendlebury, na pale pana kanisa kubwa la matofali, la Mtakatifu Augustino. Mwenzangu wa zamu, mzaliwa wa pale pale, ananiambia watu huliita kanisa kuu la wachimba makaa. Mimi kwa nje naona ghala refu tu: hakuna mnara, hakuna nakshi ya maana. Je, ni kweli wachimba makaa ndio waliolijenga? Na mbona kanisa la Worsley, ambalo si mbali na ni la enzi hiyo hiyo ya Malkia Victoria, lina mnara mrefu wa kuchongoka na mapambo tele?

Jibu: Sijambo dada, pole na kazi. Umeuliza mengi kwa mpigo, na moja jibu lake ni fupi, basi nilitangulize. Hapana, wachimba makaa hawakulijenga. Fedha, kama pauni 33,000, zilitoka kwa Edward Stanley Heywood, mtu wa ukoo uliokuwa na benki yake Manchester. Michoro ni ya George Frederick Bodley na mbia wake Thomas Garner, wasanifu wa London. Kazi ilianza 1871 na kanisa likawa tayari 1874. Si kanisa kuu pia kwa maana ya kikanisa, kwa kuwa hapakuwahi kuwa na kiti cha askofu. Ni kanisa la parokia tu. Hata hivyo wenyeji hawakukosea kulipa jina hilo, na sababu nitaifikia. Tuanzie Worsley kwanza, maana ukishaielewa Worsley, Pendlebury inajieleza nusu yenyewe.

Chini ya Worsley kuna mifereji. Si ya maji ya mvua: ni ya mashua, iliyochongwa ndani ya mwamba tangu karne ya 18 kwa amri ya Francis Egerton, Duke wa tatu wa Bridgewater, ili makaa yapakiwe kule kule shimoni. Mashua nyembamba zilitokea kwenye genge la mawe liitwalo Worsley Delph na kuingia moja kwa moja kwenye mfereji wa juu, ule uliofunguliwa 1761, hadi Manchester. Mifereji ya chini kwa chini ilifikia urefu wa kama kilomita 74. Sijui mgodi mwingine wa Uingereza uliofanyiwa kazi ya namna ile kwa ukubwa ule, na utajiri wake ndio uliojenga kanisa unalolisifia. Mali yote hiyo baadaye ilimfikia Francis Egerton mwingine, aliyepewa cheo cha Earl wa Ellesmere mwaka 1846, naye ndiye aliyemwita George Gilbert Scott kujenga kanisa la Mtakatifu Marko, kati ya 1844 na 1846.

Lile ni kanisa la mwenye mali kwa kila hali. Mnara wake na ncha iliyopambwa kwa vichipukizi vya mawe vinaonekana kutoka mbali, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ndani, Earl mwenyewe amelala: alifariki 1857, kaburi likachorwa na Scott huyo huyo, na sanamu yake ya mawe ikachongwa na Matthew Noble, mikono kifuani mithili ya shujaa wa vita vya kale, ingawa alikuwa mwanasiasa na mpenda vitabu. Na mnarani kuna saa ambayo, ikifika saa saba mchana, hupiga mara kumi na tatu. Usishangae. Masimulizi ya pale ni kwamba vibarua wa Duke walikuwa wanachelewa kurudi kazini baada ya chakula, wakidai pigo moja la saa saba hawalisikii (Waingereza huhesabu saa hiyo kuwa ya kwanza). Duke akaagiza saa ya uwanja wa karakana irekebishwe ipige kumi na tatu, udhuru ukaisha. Saa hiyo ya karakana ndiyo iliyohamishiwa kanisani katika karne ya 20. Mimi naona hakuna maelezo bora ya uhusiano wa mgodi na kanisa katika vijiji vya namna ile: sauti iliyowarudisha vibarua kazini ndiyo inayotoka leo kwenye mnara wa ibada.

Sasa, Bodley wa Pendlebury alikuwa mwanafunzi wa Scott wa Worsley. Alijifunza kazi ofisini mwake tangu miaka ya 1840, na hata kwa ukoo walikuwa wameunganika, kwani dada yake Bodley aliolewa na ndugu yake Scott. Garner naye alipitia ofisi ile ile. Kwa hiyo tofauti unayoiona baina ya makanisa haya mawili haikutokana na watu wasiojuana. Ni mwanafunzi aliyekaa miaka ishirini na zaidi akifikiri, halafu akatoa jibu lake.

Pengine unajiuliza kwa nini wote wawili walijenga kana kwamba wanaishi karne ya 14. Walikuwa na treni, mashine za mvuke na chuma cha kutosha kujenga daraja lolote, lakini wakija kwenye kanisa wanarudi nyuma miaka mia tano. Chanzo kikubwa ni Augustus Pugin, Mkatoliki mwenye maneno makali aliyefariki 1852 akiwa na miaka arobaini tu. Alishikilia kwamba tao lenye ncha ndilo tao la Kikristo, na kwamba nguzo za Kigiriki zilizopendwa na matajiri wa siku zake ni za mahekalu ya miungu. Scott alikiri kwamba Pugin ndiye aliyemwamsha. Kisha mwaka 1839 vijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Waanglikana, wakaunda chama cha kukagua makanisa, nacho kikawa mkali kuliko kamati yoyote ya ujenzi uliyowahi kukutana nayo: patakatifu pawe pa kina na pajitenge, altare iinuliwe kwa ngazi, jiwe liwe jiwe na mbao ziwe mbao bila kupakwa plasta ya kudanganya macho, na yale mabenchi ya faragha yenye milango, ambayo familia zilikodi kwa mwaka, yang'olewe.

Walikuwa na sababu ya kukasirika. Mwaka 1818 Bunge lilitenga pauni milioni moja kujenga makanisa katika miji iliyokuwa inafurika watu wa viwandani, na mengi ya yale yaliyojengwa kwa fungu hilo yalikuwa masanduku: ukumbi mpana, roshani pande tatu ili watu wajae, madirisha yenye ncha kwa ajili ya sura tu. Yalikusudiwa kubeba vichwa vingi kwa gharama ndogo, na yalifanya hivyo. Uzuri haukuwa kwenye bajeti.

Katika vijiji vya migodi tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Parokia za kale za Uingereza zilipimwa wakati wa wakulima. Shimo la makaa likifunguliwa kwenye malisho, ndani ya miaka kumi kuna maelfu ya watu mahali ambapo kanisa la karibu liko mwendo wa saa nzima kwa miguu, na kasisi wake hajawahi kukanyaga huko. Sheria ya 1843 ndiyo iliyorahisisha kukata parokia mpya. Lakini pengo hilo lilikuwa limekwisha kuzibwa na wengine. Wamethodisti, hasa wale wa tawi la Primitive lililoanzia kwenye mikutano ya wazi ya kilima cha Mow Cop mwaka 1807, walikuwa wanahubiri nje ya mashimo, na wahubiri wao walikuwa wachimba makaa wenyewe. Sensa ya ibada ya Machi 1851 ilipofanywa, Kanisa la Uingereza likagundua kwa aibu kwamba karibu nusu ya waliosali siku ile hawakusali kwake.

Kwa hiyo ukitaka kuona jengo ambalo wachimba makaa wa Lancashire walilichangia senti kwa senti na kulisimamia wao, tafuta kanisa dogo la Kimethodisti: ukuta wa mbele wenye jina na mwaka juu ya mlango, madirisha mawili huku na mawili kule, na ukumbi wa shule ya Jumapili nyuma. Mengi yamegeuzwa maduka ya mazulia au nyumba za kupanga, na wapenzi wa usanifu hupita bila kugeuza shingo. Nawalaumu kidogo kwa hilo.

Heywood na Bodley walijua wanaingia kwenye uwanja wa nani. Nao walikuwa wa mrengo wa Waanglikana uliopenda altare, mishumaa, mavazi ya ibada na muziki, mrengo ambao kwa makusudi ulipeleka makasisi wake kwenye mitaa ya kazi ngumu. Watu wa mrengo huo huo ndio waliokuja kwetu. Ile misheni ya vyuo vikuu iliyojenga Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Unguja, iliweka jiwe la msingi siku ya Krismasi 1873, kipindi ambacho Pendlebury walikuwa bado hawajashuka jukwaa. Imani ya wajenzi ilikuwa moja: mpe maskini jengo zuri kabisa, si lile la kumtosha. Unguja walikuwa na mawe ya matumbawe na chokaa. Pendlebury walikuwa na matofali.

Na matofali yana maelezo yake. Kwenye ardhi ya makaa, udongo mfinyanzi na makaa huja pamoja, tabaka juu ya tabaka. Unachimba cha kufinyanga na cha kuchomea mahali pamoja. Ndiyo maana Manchester na jirani zake ni nyekundu. Mawe ya mchanga ya kule nayo yapo, na Scott aliyatumia Worsley, lakini moshi uliyageuza meusi na kuyala, hasa ile nakshi nyembamba ya juu ambayo mvua yenye masizi huipiga kutoka pande zote. Tofali zuri la kuchoma halijali sana. Bodley akaliweka jiwe pale tu linapohitajika: kwenye fremu za madirisha, kwenye pembe, kwenye mistari ya kugawa ukuta. Kila mahali pengine ni tofali tupu, limepandishwa wima bila kukatizwa.

Hapo ndipo ghala lako linapotokea. Litazame vizuri ukishuka kwenye basi. Kanisa la kawaida la Kigothiki, yaani la mtindo ule wa kale wa matao yenye ncha, lina mwili mrefu katikati, na pembeni njia mbili zenye paa la chini, kisha viegemeo vya mawe vimejitokeza nje kushika ukuta, kisha mabega mawili yanayolifanya liwe msalaba, kisha mnara. Bodley amefuta vyote. Kuna paa moja kutoka mwisho hadi mwisho. Patakatifu na sehemu ya waumini viko chini ya paa hilo moja, hata mgongo wake haupandi wala haushuki. Hakuna mabega ya msalaba. Mnara ulikuwamo kwenye mpango, usimame peke yake kando, lakini haukujengwa kamwe. Na viegemeo hakuna. Au tuseme, huvioni.

Vimeingizwa ndani. Hili ndilo jambo ninalotaka uende ukalione kwa macho yako, kwa sababu picha hazilielezi. Fikiria kabati la vitabu lisilo na milango: mgongo wa kabati ndio ukuta wa nje wenye madirisha, na mbao za kusimama zinazogawa vyumba ndizo viegemeo. Kila kiegemeo ni ukuta mnene unaoingia ndani ya kanisa na kupanda hadi karibu na paa, na baina ya viegemeo viwili kuna dirisha refu limekaa ndani kabisa ya kina hicho. Ukisimama kwenye mlango wa magharibi ukatazama altare, madirisha ya pembeni karibu yote yanajificha. Unaona nyuso za viegemeo tu, zimepangana upande huu na huu, na mwanga unaingia katikati yake bila wewe kuona unakotoka. Ukitembea hatua chache, dirisha la kwanza linajifungua, kisha la pili. Mbele kabisa, juu ya altare, ndipo penye dirisha moja kubwa usiloweza kulikosa, nalo limewekwa juu sana, maana chini yake ukuta umeachiwa mapambo ya altare.

Sasa teremsha macho hadi sakafuni. Kila kiegemeo kimetobolewa chini kwa tao dogo, la kupita mtu. Matao hayo yamepangana, kwa hiyo kando ya ukuta kuna ujia mwembamba kutoka mwisho hadi mwisho. Huo ujia ndio mabaki ya zile njia mbili za pembeni. Haukaliwi, unapitwa tu. Watu wote wanakaa katikati, na katikati hakuna nguzo hata moja. Kama umewahi kusali katika kanisa la zamani ukajikuta nyuma ya nguzo, ukimsikia kasisi bila kumwona kuanzia zaburi hadi baraka, utaelewa uzito wa uamuzi huo. Bodley alitaka kila mtu aione altare.

Wazo la viegemeo vya ndani hakulibuni yeye. Linatoka Albi, kusini mwa Ufaransa, kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Cecilia lililoanza kujengwa 1282, miongo kadhaa baada ya vita vya kidini vya eneo lile. Askofu wa Albi alijenga ngome ya Mungu: matofali matupu, ukuta mkavu, nje hakuna pa kushika, ndani ukumbi mmoja mpana. Ukiona picha ya Albi utacheka, maana nayo mtu angeweza kuiita ghala. Lakini kuna tofauti ambayo wengi huipita. Albi ina dari la matao mazito linalosukuma kuta kwenda nje kwa nguvu, hivyo viegemeo vyake vina kazi. Pendlebury dari ni la mbao, limepinda kama pipa na kupakwa rangi, na mzigo wake ni mdogo kwa kulinganisha. Mhandisi angekuambia viegemeo vile ni vinene kuliko paa linavyodai. Ni kweli. Unene ule uko pale kwa ajili ya macho: ndio unaotoa kivuli, na bila kivuli ukumbi ule ungekuwa ukumbi mrefu tu.

Na nakshi iko wapi? Iko kwenye madirisha, ambayo mistari yake ya mawe ni ya Kiingereza ya karne ya 14 na si ya Kifaransa hata kidogo, na iko ndani: kiambaza kilichotiwa nakshi kinachotenga patakatifu, mapambo ya nyuma ya altare, rangi za dari, vioo vya rangi vya kampuni ya Burlison na Grylls. Bodley alipokuwa kijana alifuata mtindo wa siku zile, yaani mistari ya matofali ya rangi kama ya Italia na nguzo nzito kama za Ufaransa. Kufikia 1870 alikuwa ameyaacha. Alitaka utulivu, na utulivu wake ulikuwa ghali. Usidhani ubapa ule wa nje ni dalili ya fedha kuisha. Kwa gharama ile Heywood angeweza kabisa kupata mnara wa kuchongoka na sanamu mlangoni kama angemwajiri mtu mwingine na kukubali kanisa fupi zaidi.

Waongozaji wa wageni hupenda kusema kwamba urefu ule ulitolewa uwe fidia kwa watu walioshinda wameinama kwenye tabaka la makaa lisilofika hata kiunoni. Ni maneno matamu, lakini mimi siyanunui. Miaka ile ile, 1872 hadi 1876, Bodley na Garner walikuwa wanajenga kanisa la Hoar Cross, Staffordshire, kwa Emily Meynell Ingram, mjane tajiri aliyetaka kumkumbuka mumewe. Pale nako alipandisha juu, akaweka jiwe kila mahali na kuchonga kila penye nafasi. Bodley alipandisha kwa tajiri na kwa maskini pia. Kilichobadilika Pendlebury ni kwamba akiwa na parokia ya vibarua aliondoa kila kilichowatenga watu na altare, akaacha ukumbi mmoja. Hoar Cross ni kito, nakiri, lakini nikiambiwa nichague la kusimama humo saa moja, nachagua Pendlebury.

Kama unauliza ni wapi basi wachimbaji wenyewe walishika mwiko wa uashi, nenda Cornwall, kwenye migodi ya bati na shaba. Kule Pendeen, kasisi Robert Aitken, aliyefika mwishoni mwa miaka ya 1840, alichora mwenyewe kanisa la parokia kwa kufuata kanisa kuu la kisiwa cha Iona, Uskochi, na wachimbaji wa kijiji wakalijenga kwa mawe ya granite ya pale pale. Ni zito, la chini, na waashi wa kisomo wangelitoa kasoro. Lakini waliolijenga walijua kuvunja mwamba kuliko mwashi yeyote wa London, na inaonekana.

Nirudi Pendlebury, kwenye jina. Asubuhi ya tarehe 18 Juni 1885, miaka kumi na moja tu baada ya kanisa kukamilika, gesi ililipuka katika mgodi wa Clifton Hall ulio jirani. Taa za usalama zilikuwapo Uingereza tangu 1815, lakini tabaka lile lilihesabiwa halina gesi ya kutisha, basi watu walikuwa wanafanya kazi kwa mishumaa. Mshumaa ndio uliowasha. Walikufa wanaume na wavulana 178. Walionusurika wengi walitoka kwa njia ya chini kwa chini iliyouunganisha mgodi ule na ule wa Agecroft. Njia ya pili ya kutokea ilikuwa takwa la sheria, na sheria hiyo nayo ilitokana na msiba: mwaka 1862 kule Hartley, Northumberland, boriti ya pampu ilikatika ikaziba shimo pekee la kutokea, wakafa 204. Wengi wao walizikwa katika uwanja wa kanisa la Earsdon, ambako nguzo ya mawe inabeba majina yao.

Kati ya wale 178 wa Clifton Hall, 64 walizikwa kwa Mtakatifu Augustino, na kumbukumbu yao iko pale uani. Fikiria parokia changa namna ile, ambayo wazee wake wanakumbuka uwanja ulipokuwa mtupu, inapokea majeneza 64 kutokana na asubuhi moja. Waliobatizwa katika miaka ya kwanza ya kanisa lile walikuwa bado watoto. Baadhi ya baba zao na kaka zao ndio waliokuwa wanazikwa. Baada ya hapo, nani alilipa pauni elfu ngapi ni habari ya kwenye makaratasi. Huko Worsley mwenye mali ana kaburi la kuchongwa chini ya paa. Pendlebury kumbukumbu unayoikuta kwanza ni ya wafanyakazi. Jina la kanisa kuu la wachimba makaa halikutoka kwa askofu wala kwa Heywood.

Ukienda, uliza kwanza siku ambazo mlango huwa wazi, maana makanisa ya ukubwa ule hayafunguliwi kila siku. Njia ya uhakika ni kwenda kwenye ibada. Nenda mchana wa jua, hata jua hilo lenu la Salford. Ingia, kaa kidogo nyuma, kisha pita ule ujia wa kando kutoka tao hadi tao mpaka mbele, ukigusa matofali na jiwe uone mahali yanapokutana. Ukitoka, zunguka upande wa mashariki ambako ukuta unapanda bila kitu, na ulinganishe na mnara wa Worsley siku yoyote utakayopita kule.

Na ukirudi nyumbani likizo, usiache kuingia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, kwa macho mapya. Mchoraji wake, Temple Moore, alifunzwa kazi na George Gilbert Scott mdogo, mtoto wa yule Scott wa Worsley. Na Scott mdogo huyo ndiye aliyeungana na Bodley na Garner mwaka 1874, mwaka wa kumalizika Pendlebury, kuanzisha kampuni ya Watts ya vitambaa na mapambo ya makanisa. Jiwe la msingi la Nairobi liliwekwa 1917 na ujenzi ukavutana hadi 1952. Ni la mawe, lina minara, na kwa nje hutalifananisha na ghala la Bolton Road hata kidogo. Anza na madirisha.